Hodi Kwenye Nyumba ya Nyasi

Harufu ya nyasi za paa zilizolowa mvua hunirudisha Naguru, kwenye kota za polisi nilikokulia. Kwetu hakukuwa na nyasi hizo; tuliishi chini ya mabati, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, na kwa kuwa vita vilifunga njia, nilifikisha miaka tisa bila kuiona nyumba ya nyanya yangu. Mama alinisimulia tu: nyumba ya duara, ghala la mtama ubavuni, na adabu ya kutoingia mpaka mwenyewe aitikie.

Likizo moja nilikwenda kwa miguu na rafiki zangu, Furaha na Akello, hadi jumba la makumbusho, ambako nyuma yake wamejenga nyumba za kale za makabila. Yetu niliitambua kwa ghala lake. Wenzangu waliingia mbio. Mimi nilisimama mlangoni, nikavua ndala, nikaita, "Hodi!" Akello alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee, hakuna mutu humu! Ni ya kuangalia tu!" Nilijua, lakini miguu ilikataa. Nilitaka mno mtu wa kwetu aniitikie, hata mara moja tu. Machozi yalikuwa yameshanilenga niliposikia sauti ya kikongwe kutoka gizani: "Karibu, mujukuu! Ingia, chakula iko tayari." Alikuwa Furaha, mtoto wa wakimbizi wa Kongo, ambaye nyumba ya nyanya yake mwenyewe ilibaki ng'ambo ya mpaka. Niliingia, nyasi za paa zikinukia mvua ya usiku. Tukala ugali wa kuigiza, na wallahi nilishiba.

Siku hizi njia iko wazi. Nilifika kaskazini nikiwa mtu mzima, nikakuta nyanya ameshazikwa na mahali pa nyumba pameota magugu. Furaha naye alihamishiwa nchi ya baridi pamoja na wazazi wake. Mwezi uliopita nilirudi makumbusho na binti yangu. Aliingia, akapiga picha, akatoka. Mimi nilibaki mlangoni, viatu mkononi, nikimkumbuka Furaha. Nikampigia simu. Alipopokea sikumsalimu, nilisema tu, "Hodi."

Ikaja ile sauti ya kikongwe, ambayo sasa haihitaji sana kuigizwa: "Karibu, mujukuu. Umechelewa, lakini chakula iko."