Maneno Arobaini na Matatu Ndani ya Kiatu

Saa moja asubuhi, fundi viatu ambaye mtaa mzima humwita Kamusi ameinamia kiatu cheusi cha muuguzi. Kisu kinapita taratibu chini ya soli ya ndani. Muuguzi amesimama kwa mguu mmoja, ameshika meza, anachelewa kazini na bado hajaelewa kisa.

"Vumilia, dada yangu," anasema Kamusi. "Siku tisa unakanyaga lugha ya watu."

Wala hatanii. Katika kibanda hiki kisichozidi upana wa mlango, kila anayesubiri kiatu huombwa neno la kwao. Tangu mwalimu mmoja amwambie kwamba neno meza lilitoka kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, fundi huyu hajapona. Leo ana maneno ya lugha kumi na moja, nyingine hata majirani hawajapata kuzisikia, yote kayaandika kwenye vipande vya maboksi. Na maboksi hayohayo ndiyo anayokatia soli za ndani. Mkewe alimwonya, yeye akatia pamba masikioni.

Ndipo siku moja, mkono ukawa mwepesi kuliko macho, akakata kipande cha Bibi Vitunguu.

Muuza vitunguu huyo alikuwa amempa maneno arobaini na matatu kwa miezi sita, mawili matatu kila alipopita na ndara zake zilizokatika. Lugha hiyo alibaki akizungumza na dada yake tu, na dada alifariki miaka mitatu iliyopita. Kisha bibi akahamia kwa mwanawe, mji mwingine. Kamusi aligundua alichofanya kiatu kikiwa kimeshaondoka. Mwenye kiatu hakumjua hata jina, akabaki kukodolea macho miguu ya wapita njia mpaka watu wakaanza kumshuku, hadi leo alipokitambua kiatu cha muuguzi.

Gundi inaachia. Jasho limefuta maneno kumi na manne, lakini ishirini na tisa yanasomeka. Kamusi anajipiga paja kwa furaha.

Muuguzi anachungulia, anakunja uso, halafu anatamka neno moja kwa lafudhi ambayo fundi aliisaka miezi sita asiipate. Ni neno la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha.

"Bibi yangu mzaa mama aliniita hivyo," anasema polepole. "Nilidhani ananidekeza tu. Hakunifundisha jingine."

Kamusi anaweka kisu chini. Anamvutia kigoda, na kazi ya hospitali inasubiri kidogo.

Jumapili hii watasafiri pamoja kwenda kwa Bibi Vitunguu, na daftari lenye jalada gumu limeshanunuliwa. Mkewe ndiye aliyelichagua. Maneno kumi na matatu yaliyofutika watayaomba upya. Neno la kumi na nne ni salamu; ilikuwa mstari wa kwanza, kwenye kisigino, na imefutika kabisa, ila hiyo Kamusi anaijua kwa moyo. Alimfundisha muuguzi palepale kibandani, mara tano, mguu wake mmoja ukiwa bado peku.

"Miaka mitatu hakuna wa kwao aliyemwamkia yule mama kwa lugha yake," anasema. "Nataka afungue mlango, aamkiwe."