Mpishi wa Kariobangi Anayetia Sahihi Vyeti vya Lugha Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 1987, na Bi. Mumina Jumbe amekwisha kugombana na makaa. Yamelowa. Aliyeyaacha nje usiku anamjua, na anamtaja kwa sauti inayofika hadi kwenye vibanda vya mafundi wa mabati ng'ambo ya barabara.

"Leo si siku ya kunichezea," anasema huku akipepea jiko kwa kifuniko cha ndoo. "Leo nina watahiniwa!"

Watahiniwa, jamani! Anayesema hivyo ni mpishi wa shule, mama wa miaka hamsini na minane asiyejua Kiingereza zaidi ya salamu ya asubuhi. Lakini katika shule hii ya harambee, ya michango ya wazazi, nyuma ya soko la Kariobangi, hakuna mwanafunzi wa kidato cha nne anayepata Cheti cha Lugha Mbili bila sahihi yake.

Cheti chenyewe hakitoki wizarani. Kilianzishwa mwaka 1974 na Mwalimu Shitanda, anayefundisha Kiingereza, baada ya kuona vijana wake wanamaliza shule na Kiingereza cha kitabuni na Sheng ya mtaani, na katikati hawana la kumwambia bibi yao.

"Kiswahili hapa kwetu hakikuwa lazima," anasema mwalimu huyo. "Mtoto alikuwa akipita mitihani yote, kisha mama yake anapata barua kutoka ofisini anaipeleka kwa jirani. Niliona aibu mimi niliyemfundisha."

Ndipo ukaanza Mtihani wa Barua. Wakazi huleta barua za kweli, za Kiingereza, walizopelekewa wao wenyewe. Mwanafunzi huisoma kimyakimya, kisha humweleza Bi. Mumina kwa Kiswahili imesema nini. Bi. Mumina hujibu apendavyo, na mwanafunzi huyaandika majibu hayo kwa Kiingereza. Mwalimu hukagua maandishi. Lakini kwanza lazima mama aseme, "Nimeelewa." Asiposema, mtihani umekwisha hapo.

Tangu mwaka huo wamekaa mbele yake vijana mia moja thelathini na watano. Waliopita ni themanini na mmoja. Wengine walitoka wakilia, na siku ya Jumatatu wakaja kupanga foleni ya githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, bila kumtazama usoni.

Cheti huandikwa kwa mkono juu ya karatasi ngumu ya manila ya manjano. Chini kuna sahihi mbili: ya mwalimu, na ya Bi. Mumina, ambaye huandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani cha Majengo akiwa msichana. Mwanafunzi mmoja wa zamani aitwaye Mgeni, aliyekipata mwaka 1979 na sasa anapokea wagonjwa katika hospitali moja mjini, anakumbuka alipokwenda kuomba kazi.

"Waliniuliza haya maandishi ya chini ni ya balozi gani," anasema akicheka. "Nikawaambia ni ya mpishi wetu. Wakaniletea mzee mmoja aliyekuwa na karatasi ya daktari, wakasema haya, mweleze. Nilimweleza. Nikaanza kazi wiki hiyo hiyo."

Kwa nini mpishi? Ukimuuliza Bi. Mumina, atakupa kigoda kwanza. Jambo hili halisimuliwi kwa kusimama.

Mwaka 1972 yeye na mumewe, marehemu Hamidi Kombo, walikuwa wakikaa vyumba viwili katika mtaa mmoja wa Eastlands. Hamidi alifanya kazi kiwandani Industrial Area, na jioni alisomesha watoto Kurani. Bi. Mumina anapoukumbuka mtaa huo, sauti yake hulainika na mikono hutulia.

"Loo! Nyumba ile!" anasema. "Redio iko dirishani, nusu ya mtaa inasikiliza. Mfereji ni mmoja, basi habari zote unazipata hapo kabla ya ndoo kujaa. Harusi ikiwa Majengo, tunakwenda wote, Mluhya, Mkamba, Mswahili, na mikeka yetu kichwani. Mtoto akianguka mbele ya mlango wako ni wako, unampangusa, unampa chai. Mimi pale nilikuwa na raha, nakwambia. Mpaka leo nikiota, naota niko pale."

Ikaja barua ya Kiingereza kutoka ofisi ya nyumba. Hamidi akamwita kijana wa jirani, aliyetoka tu kumaliza kidato cha nne, mtoto ambaye Hamidi mwenyewe alimfundisha Kurani. Kijana akaisoma akiwa amepiga magoti, akasema, "Mwalimu, wanakusalimu. Wanaomba ukipata nafasi upite ofisini."

Zilikuwa zimebaki siku chache mfungo wa Ramadhani uanze, na wao walizoea kufungia kwa ndugu zao Majengo. Wakasema watapita baada ya Idi. Waliporudi nyumbani, vyumba vilikuwa na mtu mwingine na kufuli mpya. Barua ilikuwa imewapa siku kumi na nne wafike ofisini, la sivyo watolewe.

"Kijana yule hakuwa mwongo," anasema Bi. Mumina. "Alikuwa na adabu. Angewezaje kumwambia mwalimu wake, mtu mzima, kwamba utatupwa nje? Mdomo ulimkataa. Akaitafutia barua maneno ya heshima, na heshima yake ndiyo iliyotutoa nyumbani. Hamidi hakumlaumu hata siku moja. Mimi nilimlaumu, wallahi. Nilimlaumu mpaka nikachoka."

Ndiyo maana Mwalimu Shitanda alipomweleza mpishi wake mpya kuhusu cheti alichokuwa akikifikiria, mama alitua mwiko akamwambia Kiingereza akague yeye, lakini kusikiliza amwachie aliyekwisha kuumizwa na barua.

Mwaka huu watahiniwa ni sita. Kufikia saa nne, wanne wamemaliza, wawili wamepita. Darasa limejaa wenye barua, akina mama wa sokoni na wazee wachache, na chai inazunguka. Ndipo Bi. Mumina anapotoa bahasha kutoka mfukoni mwa aproni.

"Hii ni yangu," anasema. "Imeletwa jana jioni. Sijamwonyesha mtu."

Mwalimu Shitanda anaisoma, kama sheria inavyotaka. Anaikunja. Anavua miwani.

"Mama, hii tuiache. Ziko nyingine."

"Kwani si ya Kiingereza?"

"Ni ya Kiingereza."

"Basi ina kosa gani? Watoto wa shule hii nimewalisha miaka kumi na mitatu. Wacha leo wanisomee."

Kati ya wawili waliobaki, wa kwanza kuitwa ni Kabiru, kijana mrefu mcheshi, bingwa wa mijadala, ambaye kila mmoja amekwisha kumhesabia cheti. Ameingia akiwapungia mkono wenzake dirishani. Anaanza kusoma, na tabasamu linamwisha polepole.

"Mama Mumina," anasema hatimaye, "kamati ya shule inakusalimu sana. Wanasema umefanya kazi nzuri. Wanakuombea upate muda wa kupumzika."

Mama anamtazama. Anaichukua karatasi, anaigeuza, anapitisha kidole juu ya mistari mmoja baada ya mwingine.

"Kumi na mitatu," anasema. "Mistari kumi na mitatu, Kabiru, nawe umenipa maneno ya kadi ya Krismasi. Yaliyobaki umeyameza?"

Watu wanacheka. Kabiru hacheki. Anatazama viatu vyake.

"Sijaelewa," anasema Bi. Mumina, na kijana anatoka.

Nthambi Mutisya hajasikia lolote, kwa kuwa watahiniwa hungoja nje, upande wa pili wa ua. Ni msichana mdogo wa umbo, binti wa kibarua wa Mukuru, na katika miaka hii minne hakuna aliyekaa sana jikoni kwa Bi. Mumina kuliko yeye, akimenya viazi huku akikariri mashairi. Hospitali anakofanya kazi Mgeni imesema itamchukua mmoja wa mwaka huu, mradi awe na cheti. Nthambi anajua hivyo. Na barua ile ile, ambayo sasa iko mkononi mwake, anapoimaliza, anajua inamhusu nani.

Anasogeza kiti chake mbele.

"Mama," anasema, "wanasema kazi yako inaisha tarehe thelathini Novemba. Si ombi, wamekwisha kuamua. Masomo mapya ya serikali yanataka karakana, na chumba cha jiko ndicho kitakachokuwa karakana ya useremala. Unatakiwa uwe umetoa vitu vyako siku hiyo. Utalipwa mshahara wa mwezi huo, shilingi mia sita arubaini, na baada ya hapo hakuna malipo mengine. Halafu wanasema Mtihani wa Barua uishe mwaka huu, kwa kuwa Kiswahili sasa kitatahiniwa na serikali kwa kila mtoto, na shule haitatoa tena cheti chake."

Kisha anaongeza, na machozi yanamshuka waziwazi:

"Asante hawakuandika, mama. Nimeitafuta. Haimo."

Hakuna anayekunywa chai. Bi. Mumina amekaa wima, mikono juu ya magoti. Anamwambia Nthambi arudie tarehe. Nthambi anarudia.

"Nimeelewa," anasema mama. "Nimeelewa yote. Keti uandike."

Nayo majibu anayatoa bila kusita, kana kwamba alilala nayo. Barua yao ameipata. Jiko atalitoa tarehe waliyotaja. Sufuria tatu kubwa alizinunua mwenyewe, nazo ataondoka nazo. Kuhusu Kiswahili kutahiniwa na serikali, amefurahi kutoka moyoni, walichelewa. Lakini mtihani huu ni wa watu wenye barua, nao utaendelea barazani kwake kila Jumamosi, na mwanakamati mwenye barua asiyoielewa anakaribishwa.

Mwalimu Shitanda anayakagua maandishi ya Nthambi mara mbili. Kisha anasogeza manila na wino. Bi. Mumina anatia sahihi yake kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kisha anambusu msichana kwenye kipaji cha uso.

Baadaye, jikoni, analia. Halii kwa siri. Anajipangusa kwa kanga na kusema ataukosa moshi huu, atazikosa kelele za foleni, atawakosa watoto wanaomwambia "mathe, ongeza supu" kama vile hawana mama nyumbani.

"Nyumba ya kwanza niliipoteza kwa sababu hakuna aliyeniambia," anasema. "Hii ya pili nimeambiwa. Inauma vile vile, nisikudanganye. Lakini nina mwezi mzima. Nitapika, nitaaga watu wangu, nitatafuta pa kuweka masufuria. Hamidi hakupata hata hiyo nafasi, maskini."

Saa nane wenye barua wamekwisha kuondoka, na Kabiru bado amesimama kwenye mlango wa jiko. Bi. Mumina anadhani amekuja kubembeleza.

"Njoo Jumamosi, mwanangu. Utarudia. Sina kinyongo."

"Sikuja kwa hilo, mama." Ucheshi wote umemtoka. "Kuna barua nyumbani. Ya mama yangu, kutoka hospitali ile ya Mgeni. Ilikuja Agosti, mimi ndiye nilimsomea."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wanasema apumzike, atakuwa sawa."

"Na barua ilisema nini?"

Kijana anakwangua ukingo wa mlango kwa ukucha. Mama anangoja. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hana haraka.

"Inasema arudi," anasema Kabiru. "Wamepata uvimbe. Wanataka wampasue kabla mwaka haujaisha, la sivyo uvimbe hautatoleka tena. Nilitaka kumwambia. Kila nikianza, ananiuliza nimekula."

Bi. Mumina anamwaga maji juu ya makaa. Anatundika aproni, anachukua buibui msumarini na kulivaa. Pale palipokuwa na moto sasa pana mvuke tu, na chai ya jioni imeachwa haijapikwa, jambo ambalo Mwalimu Shitanda anasema hajaliona katika miaka kumi na mitatu.

"Twende," anamwambia Kabiru.

"Utamwambia wewe, mama?"

"Mimi nimwambie kwa Kiingereza gani? Nitakaa kando yake, nimshike mkono. Utamsomea wewe, mstari kwa mstari, mpaka aseme ameelewa."

Kesho, anasema wakati wakivuka barabara, ni Jumapili, hospitali haina watu. Lakini Jumatatu alfajiri anataka wawe mlangoni, na Mgeni awe zamu. Cheti kimoja cha manila kimebaki kabatini mwa mwalimu, na kabla ya tarehe thelathini ana hamu ya kukitia sahihi. Jina la kuandika juu yake analo, ila kwanza anataka kusikia "Nimeelewa" kutoka kwa mama yake Kabiru.