Gari la Mke Wangu Lililolia Kila Nikikanyaga Mafuta

Wiki ya sita baada ya kumzika mke wangu, gari lake lilianza kulia.

Sisemi kugonga wala kukwaruza. Kulia. Sauti nyembamba, ndefu, kutoka nyuma, kama mtu anayelia huku ameziba mdomo kwa mkono.

Mshale ukigusa sitini, linaanza. Nikiachia mafuta, linanyamaza.

Naishi peke yangu. Binti yetu ameolewa mbali. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, "Unasikia hii, au ni mimi tu?"

Kaka yangu alipanda mara moja. Alishuka ananitazama kwa huruma.

"Mdogo wangu, hili gari lina jambo. Liuze. Jumamosi naleta mnunuzi."

"Ni gari la shemeji yako."

"Shemeji hayupo. Na wewe unazidi kukonda."

Kumbishia ni vigumu. Yeye ndiye mkubwa, na mazishi yote aliyasimamia yeye.

Lakini nyumbani mimi na mke wangu tulikuwa watu wa kimya. Maongezi yetu yote yalikuwa ndani ya lile gari. Kiti cha dereva bado kimesogezwa mbele, maana alikuwa mfupi. Naendesha magoti yakigusa usukani na sitaki kukirudisha nyuma.

Likiuzwa, sina tena mahali pa kukaa naye.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi wa matairi. Akahamisha ya nyuma mbele, ya mbele nyuma. Nikazunguka. Kilio kilekile, mahali palepale.

"Basi si tairi," akasema. "Nenda kwa Mama Grisi, ng'ambo ya reli. Ana mdomo, ila ana masikio. Vumilia mdomo upate masikio."

Mama Grisi nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu nje.

"Linalia," nikasema.

"Hata mimi nalia, mzee. Linalia lini?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza. Akatoka, akafuta mikono, akaona nilivyojikunja kwenye kiti.

"Mbona umekaa kama kuku anayeatamia? Hamia nyuma. Anayeendesha hasikii vizuri. Hii kazi ni ya watu wawili."

Akaendesha yeye. Mimi nikalaza sikio kwenye kiti cha nyuma, mtu mzima, kama mtoto aliyechoka safari.

"Nimekanyaga. Inalia?"

"Inalia."

"Nimeachia."

"Imenyamaza."

Akakata kushoto, akakata kulia. Haikubadilika.

"Beringi ya tairi ingebadilika kwenye kona," akasema. "Na haijali kama umekanyaga au umeachia. Hii ni difu, ule mviringo wa chuma katikati ya ekseli. Ndani mna gia. Zina kiu."

Tuliporudi, akainua gari kwa jeki, akaingia chini na spana. Nikachungulia. Alikuwa anafungua bolti ya kuongezea oili.

Mara akasimamisha mkono.

"Hii bolti niliiweka mimi," akasema. "Ya zamani ilikuwa imelika kichwa."

Akajivuta nje taratibu, akaliangalia gari upya. Magari meupe kama hilo yamejaa kila mahali.

"Si gari la yule mwalimu wa darasa la kwanza? Mfupi, mcheshi? Mbona siku hizi haji?"

Nikamwambia.

Akakaa chini palepale kwenye sakafu yenye mafuta. Kisha akasema pole, akairudia.

"Alikuwa anakuja kufanya nini?" nikauliza.

"Kuongeza oili ya difu. Kila miezi mitatu, miaka sita. Sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja gari likitembea. Likisimama, halidondoshi hata tone. Nilimwambia tubadilishe, nusu siku tu. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Aliyeiweka aliipiga nyundo upande mmoja, ikakaa kishingo upande. Mke wako akasema, 'Iache. Mume wangu aliiweka mwenyewe, na aliifanya ile kazi kwa raha sana.'"

Nilishika mlango wa gari.

Ni kweli. Ilikuwa siku ya mapumziko, nililala chini ya gari asubuhi nzima, yeye amenishikia tochi. Nilipomaliza niliwatangazia majirani kwamba mafundi wote ni wezi tu, kazi yenyewe kumbe nyepesi. Kwa miaka sita nimekuwa nikijisifu mbele yake. Naye alikuwa ananiangalia, anatabasamu.

Mama Grisi akarudi chini, akaitoa ile bolti, akaingiza kidole kwenye tundu. Kikatoka kikavu, kina vumbi la chuma linalometa.

"Beringi ya difu imekufa. Gia bado zinafaa. Umewahi kidogo."

Alhamisi alikuwa na beringi mpya na sili mpya. Akaishika sili mkononi, akanitazama.

"Unataka kuiweka mwenyewe?"

"Hapana, mama. Weka wewe. Mimi nitashika tochi."

Jumamosi kaka alikuja na mnunuzi. Tukazunguka wote watatu. Sitini, sabini, themanini. Kimya.

"Wewe, mbona limenyamaza?" kaka akauliza.

"Lilikuwa halina oili. Na haliuzwi, kaka. Nisamehe kwa usumbufu."

Alinuna, ila akaelewa. Wakaondoka na mnunuzi wake.

Nikabaki ndani ya gari, nimezima injini. Niwe mkweli, ule ukimya ulikuwa mgumu kuliko kilio. Nilitaka kumwambia asante, na pia kumgombeza kidogo. Nikayasema yote mawili kwa sauti, kwenye kiti kitupu.

Ndugu msomaji, kama kuna kitu nyumbani kwako hakijawahi kukusumbua miaka na miaka, usikimbilie kujipongeza. Muulize mwenzako leo, angali anaweza kukujibu. Mimi sikuuliza. Jibu nimekuja kupewa gereji.