Siku Niliyopiga Panki Mahurunga

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi na sikuwa na mpango wa kuitoa hadharani, ila mke wangu ameshaisimulia nusu kwa majirani (ile nusu inayoniumbua, bila shaka), kwa hiyo bora niimalizie mwenyewe.

Enzi zile za ujamaa nilikuwa karani bandarini Mtwara, naandika magunia ya korosho yanayopakiwa melini, na jioni napiga gitaa kwenye bendi yetu ya wafanyakazi, tunafanya mazoezi kwenye banda moja kule Mtawanya. Nilikuwa gitaa la pili, na msinione nimejishusha, kwenye bendi ile gitaa la pili lilikuwa la kujazia tu. Vidole vyangu vilikuwa vizito.

Basi ikaja meli kutoka Ulaya, na baharia mmoja, kijana mwenye nywele zilizosimama kama majani ya nanasi, akanisikia nikihangaika na gitaa saa ya mapumziko, akanipa kaseti. Akasema huu unaitwa panki roki, akanieleza kwa Kiingereza nilichokipata nusunusu kwamba wimbo wa panki ni mfupi, dakika mbili umekwisha, gitaa unalishika sehemu tatu tu tangu mwanzo mpaka mwisho, unapiga mbiombio na kwa kelele, hubembelezi mtu bali unapayuka kinachokukera, na wala huna haja ya kuwa fundi, ukiwa na gitaa na hasira zako panda jukwaani. Niliporudi nyumbani nikaisikiliza, mara ya kwanza nikadhani redio imeharibika, mara ya tatu nikasema, kumbe mimi si mbovu, mimi ni panki.

Shida ni kwamba niliangalia na nguo zake. Shati la baharia yule lilikuwa limechanwa kifuani na begani, na pale palipochanika limeshikizwa kwa zile pini za kubana nepi.

Wakati huohuo nilikuwa namtaka Zuhura, binti wa kijiji cha Mahurunga aliyekuwa kibarua wa kubangua korosho mjini. Kwao mwenye kauli ni mjomba, na mjomba wake, Mzee Chilumba, alikuwa amerudisha barua yangu ya posa akisema hawezi kumwoza mtu kwa mwandiko, anataka amwone mwoaji kwa macho. Bahati ikatuangukia, bendi yetu ikaalikwa Mahurunga kufungua duka la kijiji. Zuhura akapeleka habari kwao kwamba nakuja, nami akaniambia jambo moja tu, "Athumani, vaa lile shati jeupe." Na shati jeupe nililivaa, msiseme sikulivaa. Ila asubuhi ile kabla ya kupanda lori nililichana kwa kisu cha jikoni sehemu nne, nikalibana kwa pini.

Sasa kumbukeni miaka ile nguo ilivyokuwa adimu. Siku ile duka linafunguliwa kwa sababu limeletewa jora moja la kitambaa, jora moja kijiji kizima, na akina mama walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Mbele kabisa alikuwa Bi Somoe, mjane, alikuwa anataka vazi la mwanawe wa shule. Mbele ya watu hao ndiyo nikapanda jukwaani na matambara yangu, nikaomba kiongozi wa bendi aniachie wimbo mmoja (na yeye, kwa huruma zake, akaniachia), nikaanza kupayuka, "Sabuni iko wapi! Sabuni iko wapi!" kwa sehemu zangu tatu za gitaa. Wacheza dansi wakainuka kutafuta wenzi, na kabla hawajashikana mikono wimbo ukawa umekwisha.

Nikamwona Zuhura amejifunika uso kwa khanga.

Halafu nikasikia akina mama wananong'onezana, mara Bi Somoe akatoka kwenye foleni, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akashika kipaza sauti, sauti yake ya huruma kweli. "Ndugu zangu, kijana huyu wa bendi hana shati wala sabuni, na ametulilia mbele yetu. Bi Somoe amesema kipande cha kwanza akatiwe kijana huyu, na mwenyewe atasubiri jora jingine."

Jora jingine, nani alijua litakuja lini. Mwenye duka akaanza kupima, Mzee Chilumba yuko kiti cha mbele ananitazama, na mimi nikapiga hesabu haraka, nikipokea nitakuwa maskini mwenye adabu na huenda nikapewa mke, nikikataa itabidi niseme. Nikamtazama Bi Somoe, khanga yake mwenyewe ilikuwa imetiwa viraka, na roho ikanisuta.

"Samahani mwenyekiti," nikasema kwenye kipaza sauti. "Shati nimelichana mwenyewe. Ndiyo mtindo wa muziki huu."

Mzee Chilumba akainuka taratibu. "Muziki gani?"

"Panki, mjomba."

"Ndiyo muziki wa namna gani?"

"Ni muziki wa mtu asiyejua sana kupiga, mjomba, lakini anapiga hivyohivyo."

"Kwa hiyo hujui kupiga."

"Sijui sana, mjomba."

"Na shati zima ulilichana."

"Kwa kisu."

Walicheka mpaka mwenye duka akaangusha mkasi. Nilishuka jukwaani nikaketi nyuma ya lori, nikijua Zuhura ndiyo basi tena. Aliyenifuata ni Bi Somoe, kitambaa chake kwapani, sindano na uzi mkononi. "Lete hilo shati, mwanangu," akasema, "mtu mzima haendi kwa wakwe namna hii." Akalishona lote pale pale, mimi nimekaa kifua wazi, na hakunicheka hata kidogo.

Nikavaa, nikaenda kumwamkia Mzee Chilumba. Akayapapasa yale mashono, halafu akasema, "Mpiga gitaa simtaki. Lakini yule aliyekirudisha kitambaa, mwambie alete barua yake tena."

Nilimshukuru Mungu siku ile na bado namshukuru, na Bi Somoe kila Idi tulimpelekea kitambaa mpaka alipofariki. Sijachana tena nguo, wala gitaa sijalishika. Ila nikirudi nyumbani na kanzu imenaswa na msumari, Zuhura huichukua bila maneno, huitazama kwenye mwanga, kisha huniuliza kama ni msumari au ni mtindo, na hapo hutafuta sindano.