Aliyemwona Ilka kwa Macho

Mpanda nzima, kuanzia stesheni ya treni mpaka kule Nsemulwa, watu wanaofuatilia baleti ni wawili tu, na hao wawili hawasalimiani.

Wa kwanza ni Pudensiana, ambaye wengi wanamwita mama Angela, fundi cherehani wa Majengo, mzaliwa wa Karema. Wa pili ni Manyanda, muuza vipuri vya plau. Maduka yao yanatazamana, katikati pana barabara ya vumbi na mtaro. Mama Angela akifagia asubuhi, vumbi lote analielekeza ng'ambo ya pili. Manyanda naye akimwona jirani ameweka simu sikioni, anatafuta chuma chochote cha kugonga nyundo, hata kama hakina ubovu.

Baleti ilimkuta mama Angela kazini. Mwaka ule wazazi wa watoto wa Komunyo ya Kwanza walitaka magauni yenye sketi zinazosimama zenyewe, akaingia kwenye simu kutafuta jinsi ya kushona neti mkunjo kwa mkunjo. Akakuta mafundi wa ng'ambo wanashona sketi bapa kama ungo, neti juu ya neti. Akaitazama video mpaka mwisho. Mwishoni mwanamke mmoja mwembamba akaivaa ile sketi, akapanda juu ya ncha ya kidole cha mguu, akakaa hapo. Hakutikisika. Mama Angela akaisahau pasi ya mkaa juu ya gauni la mtoto wa watu, ikaunguza shimo la kupitisha mkono.

Yule mwanamke aliitwa Ilka, wa Baleti ya Varnosa. Ni miaka tisa sasa. Muulize mama Angela Ilka aliumia kifundo lini, nani alikuwa anamdaka vizuri na nani alimdondosha, viatu vyake anavishona riboni kwa uzi gani. Atakujibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Na ile siku moja ya mwaka ambayo makampuni ya baleti ya huko yanaonyesha mazoezi yao mtandaoni, mteja akija anaambiwa arudi kesho.

Sasa, huyo adui yake, mama Angela alimtengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja Manyanda alivuka barabara kuja kupunguza suruali, akamkuta ameinamia simu.

"Wanafanya nini hawa, mayu?" akauliza. Kwao Usukumani mayu ni mama, na wakati ule neno hilo lilikuwa bado la heshima.

"Wanacheza."

"Wanashindana na nani?"

"Hawashindani na mtu. Wanacheza tu."

Manyanda akacheka mpaka akashika mlango. Baba yake alikuja Mpimbwe na ng'ombe kutoka kaskazini, na kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa ngoma. Huko vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinasimama uwanja mmoja siku moja, kila kimoja na ngoma yake. Watu wakikimbilia upande mmoja, upande wa pili umeshindwa. Hakuna hakimu wala karatasi. Na wapinzani wakijisifu uongo, huwaambii kwamba wamedanganya, maana hayo ni maneno ya mtu aliyeishiwa. Unajisifu uongo mkubwa kuliko wao.

"Ngoma isiyo na mpinzani si ngoma," Manyanda alisema. "Hebu nioneshe wengine."

Mama Angela, kwa moyo mweupe kabisa, akamfungulia Baleti ya Karlshavn. Kulikuwa na binti mmoja hapo, Maja, mrefu, anazunguka kama pia. Manyanda akatazama mara mbili, akarudisha simu.

"Basi mimi niko huku. Huyo Ilka wako nitamtukana mpaka astaafu."

Mama Angela akadhani ni utani, akacheka. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa hacheki tena. Suruali zake Manyanda zilianza kutoka na mguu mmoja mfupi, naye akaanza kuzipeleka kwa fundi mwingine.

Wote wawili wakaingia kwenye kundi moja la WhatsApp, kundi la wapenda baleti wa Kiswahili, watu mia mbili na zaidi, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bujumbura, wa Dar. Mwenye kundi ni Celestin, mwalimu wa sekondari huko Kigoma, mtu wa taratibu. Humo ndani Manyanda akaandika kwamba Ilka ana mgongo wa mwiko. Mama Angela akaandika kwamba Maja ana mikono ya fito za kuanikia samaki. Celestin akawaonya, wakatulia siku mbili, wakaanza tena.

Lakini lile jambo lenyewe lilianza miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita, Baleti ya Varnosa ilipokuja Dar es Salaam kwa siku moja. Ilka mwenyewe. Mama Angela alikuwa ameshaandaa begi la safari. Wiki ileile kwelea kwelea wakashuka kwenye mpunga wake kule Kibaoni, wingu zima la ndege. Aliyekuwa na mpunga shambani hakuwa na la kujadili. Akashuka Kibaoni, akavuna siku tano mikono ikipasuka, na siku ambayo Ilka anacheza Dar, yeye alikuwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amekalia magunia.

Aliporudi Mpanda akawasha simu. Kundi zima linalia, kila mmoja ameikosa. Celestin ameandika: "Hivi hakuna hata mmoja wetu aliyemwona kwa macho?"

Mama Angela akaandika: "Mimi."

Neno moja tu. Akaliangalia. Kabla hajalifuta, watu arobaini walikuwa wameshampongeza.

Basi likakaa. Tangu siku ile, kwenye kundi akawa mama Angela aliyemwona Ilka kwa macho. Mtu akibishana kuhusu uchezaji wowote, Celestin anasema, tumsubiri mama Angela, yeye ameona. Nyumbani Majengo ni fundi wa sare za shule. Kule ndani alikuwa shahidi, na neno lake ndilo lililofunga mjadala.

Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyejua. Ule mkokoteni wa Kibaoni ulikuwa wa Manyanda, wiki ile hapakuwa na mwingine wa kukodi. Ng'ombe walikuwa wake, na aliyeshika fimbo ni yeye. Kwa miaka mitatu hakusema. Alikuwa akivuka tu barabara, anaegemea mlango, anasema, "Mpunga wa mwaka ule ulikuwa mtamu kweli, mayu," halafu anarudi kwake anapiga mluzi.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba Ilka anastaafu. Celestin akaandika kwamba Jumapili saa tisa alasiri kundi lote linyamaze, mama Angela atume sauti, moja baada ya nyingine, asimulie usiku ule wa Dar tangu alipoingia mlangoni. Hiyo ndiyo itakuwa namna yetu ya kumuaga, alisema.

Mama Angela hakulala vizuri wiki nzima. Neno moja la kuandika ni jambo moja. Kusimulia usiku mzima kwa mdomo ni jambo jingine. Akikataa wataanza kuuliza kwa nini. Akisema kweli, atabaki na sare za shule. Akaamua atasimulia.

Jumapili baada ya misa akafungua duka, akafunga dirisha ili pikipiki zisisikike. Saa tisa kasoro, Manyanda akaingia bila hodi, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Umefuata nini?"

"Suruali yangu."

"Huna suruali hapa miaka sita."

"Basi nimekuja kukutazama usoni. Nataka nione mtu anavyodanganya mchana kweupe ametoka kupokea ekaristi."

"Toka."

"Endelea, mayu. Watu mia mbili wanakusubiri. Ukisahau kitu nitakukumbusha, mimi ndiye niliyekusafirisha."

Angemtupia mkasi, lakini saa tisa ilikuwa imefika. Akabonyeza, akaanza. Sauti ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ikanyooka. Alieleza foleni ya mlangoni, harufu ya manukato ya watu, viti vyekundu laini, taa zilivyozimwa. Halafu Ilka akatoka. Hapo hakuhitaji kutunga, maana ule mchezo alikuwa ameutazama kwenye simu mara nyingi kuliko alivyosali rozari. Akaeleza mkono ulivyopanda kama moshi, shingo, mguu wa kushoto, ile mizunguko thelathini na miwili, kila mmoja ukirudi palepale kama sindano ya cherehani. Kwenye kundi watu walikuwa wanatuma machozi. Manyanda alikuwa ameacha kutabasamu, na kwa kuwa hakupenda mtu amwone hivyo, akaitoa simu yake.

"Jamani," akasema kwenye simu kwa sauti ya mnadani, "mimi Manyanda wa Mpanda. Sikuwahi kuwaambia, lakini siku ile nilikuwepo na mimi. Nilikaa mbele ya huyu mama, mstari wa pili. Anachowaficha ni kwamba Ilka aliyumba! Mzunguko wa ishirini na saba, akaweka mguu wa pili chini kama mtu aliyekanyaga tope. Ukumbi mzima tuliguna. Huyo ndiye mnayemuaga."

Akatuma.

Kundi likawaka. Aliyumba? Kweli? Mama Angela mbona hukusema? Mtu wa Mombasa akaandika kwamba alikuwa anashangaa muda mrefu, kumbe ndiyo maana anastaafu. Mwingine akasema tayari ameshawapelekea hiyo habari rafiki zake wa Nairobi.

Mama Angela aliyasoma hayo. Angeweza kusema, hapana, hakuyumba, niliona. Lakini wangekuwa mashahidi wawili, huyu anasema hivi na yule vile, na tope lingebaki kwenye mguu wa Ilka milele, siku ya kumuaga. Hakupanga alichosema. Kidole kilibonyeza, mdomo ukafunguka.

"Mwongo mkubwa wewe! Hukuwepo! Siku ile ulikuwa Kibaoni unachapa ng'ombe wako, umebeba magunia yangu ya mpunga, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia hayohayo! Dar umeiona wapi wewe?"

Akatuma kwa hasira ileile. Halafu akasikia alichokisema.

Manyanda alikuwa amefungua mdomo. "Mayu," akasema taratibu, "sasa hapo umejimaliza mwenyewe. Ulitakiwa kusema nilikaa nje ya ukumbi nauza karanga."

"Kwenu Bagika na Bagalu mnachafuana mnavyotaka. Yule hutamchafua."

Celestin aliandika polepole, ilionekana akiandika na kufuta. Mwisho akasema: "Mama Angela, kwa hiyo hukuwepo."

"Sikuwepo, mwalimu. Wala yeye."

"Sasa unajuaje hakuyumba?"

Hilo lilimchoma kuliko matusi, na matusi yalikuwa yameshaanza kushuka kama mvua ya masika. "Sijui," akajibu. "Ninachojua ni kwamba yeye hajui."

Watu wakawachambua. Kwenu Katavi hamna umeme hata wa ukweli. Mama mzima. Miaka mitatu! Mara ikaingia sauti ya mtu ambaye hajawahi kusema neno tangu aingie kundini. Jina lake Christina, yuko Dar.

"Mimi nilikuwepo," akasema. Sauti kavu, haina haraka. "Mimi ndiye ninayesafisha ule ukumbi. Miaka mitatu nakusikiliza wewe mama, na leo unaniambia mimi habari za ukumbi ninaoufagia. Viti vyekundu! Viti ni vya bluu, navipangusa kimoja kimoja. Kila nikitaka kusema, najiambia, nani atamsikiliza mfagiaji wakati kuna mama Angela? Ilka hakuyumba. Hilo nawapa sasa hivi, kwa sababu ni haki yake yule dada, si kwa ajili yenu nyie waongo wawili. Mengine niliyoyaona nitasimulia yule mama akishatolewa. Siwezi kuongea akiwa anasikia."

Mtu akauliza, na Manyanda je? Celestin akajibu kwamba Manyanda ni mwongo tangu siku ya kwanza, kundi limeshamzoea.

Simu ya mama Angela ikaandika kwamba ameondolewa.

Akafungua dirisha. Nje pikipiki zilikuwa zinapita. Hakuyumba. Hilo alikuwa nalo, na ilikuwa haki yake kushukuru. Kisha simu ya Manyanda ikalia, sauti ya Christina imeingia, ndefu, dakika nane. Manyanda akaibana sikioni, akageukia ukuta.

"Ehee," akasema. "Lo! Kumbe."

"Manyanda." Hilo jina hakuwa amelitamka kwa miaka, alikuwa akimwita 'yule' tu. "Weka sauti."

"Nimeitwa mwongo mbele ya watu mia mbili. Simu ya mwongo haina spika."

"Weka sauti, nakwambia."

"Msifu Maja kwanza."

"Labda nife."

"Haya." Akarudisha simu sikioni. "Heee! Jamani, yule dada!"

Mama Angela akashika ukingo wa meza ya kukatia.

"Anazunguka vizuri," akasema akitazama sakafu.

"Nani?"

"Maja! Anazunguka vizuri, shetani mkubwa wewe! Mikono yake ni fito, sura imekauka, lakini anazunguka vizuri!"

Manyanda akaona hiyo ndiyo sifa yote itakayotoka humo mwaka huu na mwaka ujao. Akaiweka simu mezani, kati ya chaki na mkasi, akairudisha sauti mwanzo.

"...alikuja kabla ya wenzake wote," Christina alikuwa anasema, "saa nane mchana, amevaa ndala. Akanikuta napiga deki jukwaani. Akanionesha kwa mikono kwamba anataka ndoo."

"Ndoo ya nini?" mama Angela akauliza, ameshainama mpaka paji la uso linakaribia kugusa kioo.

"Nyamaza tusikie," Manyanda akasema.