Nilivyopiga Goti Uwanja wa Ndege

Kabla sijaondoka Kahama, wanawake wenzangu wa bombani walikuwa wameshanimalizia safari yangu. Mume wangu alikuwa Bulgaria mwaka wa pili, akisomea mitambo ya kuchambulia pamba, na hatimaye nilikuwa nimepata ruhusa ya kumfuata. Wakanihakikishia, ndoo zao zikijaa, kwamba mwanamume akishakaa na Wazungu hugeuka. Chumbani hatakukana, walisema, atakukana mbele za watu. Niliwacheka, lakini maneno hayo yalinichoma njia nzima kuliko viatu vipya nilivyovaa.

Ndege yenyewe sikuiogopa. Niliyemwogopa ni yule dada wa ndege aliyekuwa akitabasamu bila sababu. Kwetu mtu asiyekujua akikuchekea namna hiyo, kuna kitu anakitaka, kwa hiyo nilikumbatia mkoba wangu kifuani mpaka Kairo. Alileta chakula kwenye sinia dogo, kila kitu kimefungwa kivyake, mkate kivyake, chumvi kivyake, kama vile vimegombana. Sikulala hata kidogo. Nilikuwa nawaza uso wa mume wangu, na kama utanifahamu.

Tulipotua, jambo la kwanza nililoliona katika nchi ile ni kwamba watu hawasalimiani. Watu wazima, wana mvi zao, wanapishana mlangoni kimya kama waliogombania mpaka wa shamba. Nilimwamkia askari wa pasipoti, mzee wa kunizaa kabisa. Akanitazama, akaitazama picha yangu, akanitazama tena. Nikarudia shikamoo, nikidhani hakusikia. Akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. Nikamhurumia, maskini, kuzeeka bila mtu wa kukufundisha adabu.

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya kizuizi. Alikuwa amekonda, kavaa kofia ya manyoya, utadhani paka amemlalia kichwani. Pembeni yake alikuwapo mama mmoja wa Kibulgaria, msimamizi wa hosteli yao, na vijana wawili anaosoma nao. Yule mama ameshika maua. Kwetu maua tunapeleka kaburini, nikageuka kuangalia nani amefiwa.

Basi nilimfikia mume wangu, nikafanya alichonifundisha mama yangu. Nilipiga goti, magoti yote mawili, palepale sakafuni katikati ya watu, macho chini, nikamwamkia kwa Kisukuma: “Mwadila, baba.” Nikatulia. Mama alinifundisha kwamba ukishaamkia huinuki mpaka uitikiwe, ndipo muulizane habari za wazazi, za mvua, za ng'ombe. Nilijua akiitika tu, wale wa bombani wote ni waongo.

Nilichokiona ni viatu vyake. Vilirudi nyuma hatua moja.

Yule mama wa hosteli akaguta, akanishika paji la uso. Vijana wakanidaka kila mmoja kwapa lake. Watu wakajaa, maana katika nchi ile kumbe ili watu wakutazame lazima kwanza uanguke. Wakamwuliza mume wangu nimepatwa na nini, naye akawajibu kwa neno moja. Hilo ndilo neno la kwanza nililojifunza katika lugha yao, na maana yake ni mgonjwa.

Kikaja kiti cha magurudumu. Mimi, niliyepalilia pamba mpaka wiki ya kuondoka, nikasukumwa kama bibi kizee, maua yamewekwa mapajani, na watu wanatupisha kwa heshima ambayo sijaipata tena mahali popote. Nilifikishwa kwa daktari, mama mtu mzima mwenye miwani. Akauliza, na mume wangu akanitafsiria.

“Anauliza unaumwa wapi.”

“Mwambie siumwi,” nikasema. “Mwambie nilikuwa namsalimia mume wangu.”

Mume wangu akajikuna shingo. Kisha akamweleza daktari maneno marefu, na daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akanipa vidonge. Nilipomwuliza mume wangu amemwambia nini, akajibu bila kunitazama kwamba amesema naumwa kichwa. Nilikasirika, jamani, hasira ya kutetemeka mikono, na daktari akaona mikono hiyo akaniongezea kidonge. Nikavimeza. Wale wa bombani walitabiri nitakanwa, ila hawakusema nitapewa na dawa.

Hosteli ilikuwa jumba refu lenye ukumbi mwembamba katikati, wanafunzi wa kila rangi wanakaanga vitunguu mlangoni kwao. Mume wangu aliniingiza chumbani, akafunga mlango, akavuta pazia. Akavua ile kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda, na papo hapo akawa yule yule wa Kahama, mpaka sauti.

“Haya,” akasema taratibu, “sasa tuko wenyewe. Nisalimie.”

Nilimtazama. Nilikuwa nimempenda mwanamume huyu tangu siku aliponibebea maji kanisani Ushirombo bila kujali wenzake wanaomcheka, na nilikuwa nampenda bado, na hilo ndilo lililoniuma.

“Nimeshakusalimia,” nikamwambia. “Mbele za watu. Hukuitika.”

Aliizungusha kofia mikononi. Nilidhani atanifokea. Badala yake aliinuka, akaufungua mlango wazi kabisa. Mama wa hosteli alikuwa pale pale na glasi ya maua, vijana nyuma yake, wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Mume wangu aliwatazama. Kisha akanigeukia na kuitika kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mbuga, mpaka vitunguu vikasahauliwa motoni. Akaniuliza habari za mama yangu, za mvua, za ng'ombe, moja baada ya nyingine, wote wanasikiliza. Nikamjibu zote, nikiwa nimesimama.