Wifi Yangu Alisaini Kama Mimi, Fleti Yetu Ikauzwa

Admin, naomba unifichie jina na mtaa, maana Tunduma tunajuana. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mnyiha wa Mbozi, nimeolewa na nina watoto wawili wanaosoma bweni. Nauza vitenge hapa mpakani. Tulikuwa na fleti yetu ghorofa ya pili. Kwa wasioelewa mambo haya, kiwanja na jengo ni vya mzee mmoja, sisi tulinunua haki ya kukaa humo miaka mingi kwa mkataba uliosajiliwa. Miaka inayobaki unaweza kuiuza au kuwarithisha watoto, mradi mwenye jengo akubali. Jina kwenye mkataba ni la mume wangu peke yake, ila tulichanga wote wawili.

Mama yangu alipougua nilikwenda Mbozi kumuuguza. Nyumbani nilimwacha mume wangu na mdogo wake, wifi yangu Rehema. Huyu Rehema aliachika Ndalambo akiwa na mimba, nikampokea, akajifungulia mikononi mwangu. Maji ya kumkanda nilichemsha mimi.

Siku niliyorudi nilikuta mlango wazi na mama mmoja mtu mzima amesimama sebuleni na fundi, wanapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akanitazama na begi langu, akasema, "Karibu mwanangu. Umekuja kumsalimia Mama Tumaini?" Kabla sijajibu akageukia jikoni akaita, "Mama Tumaini, una mgeni huku."

Mama Tumaini ni mimi. Tumaini nimemzaa mimi.

Kutoka jikoni nikasikia, "Abee, mama." Akatoka Rehema na mtoto mgongoni, amevaa kitenge changu. Aliponiona akabaki ameganda pale mlangoni.

Nikamwambia yule mama, "Mama Tumaini mwenye nyumba hii ndiye mimi." Akadhani natania. Akamwangalia Rehema, akaniangalia mimi, kisha akakaa taratibu kwenye kochi. "Mbona huyu ndiye aliyekaa na mumewe mbele ya wakili?" akasema. "Mtoto wake nilimpakata mimi wakati anasaini."

Ndipo nikajua kwamba fleti imeuzwa. Yule mama ni nesi mstaafu, ameinunua kwa mafao yake. Alinisimulia kila kitu huku Rehema amesimama palepale. Wakili aliuliza kama mke ameridhia kwa hiari yake, na wifi yangu akainamisha macho akajibu, "Nimeridhia, mume wangu ndiye kichwa cha nyumba." Kaka na dada, tumbo moja, wamekaa kwenye viti viwili wanaitana mume na mke.

Mume wangu alirudi jioni, akanawa mikono, akala kama kawaida. Nilipomuuliza hakukana. "Sheria inataka mke akubali. Wewe ulikuwa na mgonjwa, ningekusumbua ya nini? Ungekubali tu."

"Kwa hiyo ukamchukua dada yako?"

"Si familia moja hii? Kuna ubaya gani?" Akaomba aongezewe mchuzi.

Nilikwenda kwa mwenye jengo. Mzee huyu kila mwezi anapokea mchango wa usafi na ulinzi kutoka mkononi mwangu, ananijua kwa sura na kwa sauti. Naye alisaini kibali, Rehema akiwa mbele yake kama mke. Nilipomuuliza akasema, "Nilifikiri ameoa mwingine. Mambo ya wanandoa siyaingilii." Hata kunitazama alishindwa.

Nikaenda Vwawa kutafuta msaada wa kisheria. Wakili, dada mmoja mpole, aliniambia nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi hata kama jina lililoandikwa ni moja, na mauzo haya mahakama inaweza kuyafuta. Akanisaidia kupeleka zuio kwa msajili ili umiliki usihamishwe. Lakini akanieleza pia kwamba kujifanya mtu mwingine na kusaini kwa jina lake ni jinai. Nikifungua mashtaka, Rehema na kaka yake wote wawili wanaweza kufungwa.

Pesa yenyewe haipo. Mume wangu aliipeleka Mkwajuni akanunua hisa kwenye duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, nalo likajaa maji. Kwa hiyo mauzo yakifutwa, nesi wa watu hana pa kudai. Amenipigia simu akaniambia, "Mwanangu, mimi sikulazimishi. Mahakamani nitasema nilichokiona." Huyu ndiye mtu pekee katika jambo hili ambaye simwonei kinyaa.

Juzi wakaja wazee wa upande wa mume. Hawakuniomba msamaha. Wamekuja na ombi kwamba nisaini sasa hivi ridhaa ya kweli, jambo liishe, nesi apate nyumba na Rehema asiende jela na mtoto anayenyonya. "Ni saini tu, mama," mmoja akaniambia. Rehema alikuwa ananyonyesha pembeni, akadakia, "Wifi, mbona mimi nilisaini na sikufa?"

Sasa nalala dukani kati ya marobota ya vitenge. Chakula alichokishika yule binti hakipiti kooni, na mume wangu akinigusa bega nasisimka kama nimeguswa na mjusi.

Wazee wanarudi Jumapili kuchukua jibu. Nikikataa nikaenda mahakamani, nitakuwa nimempeleka jela mama wa mtoto mchanga na kumwacha mama wa watu bila nyumba wala mafao. Nikisaini, nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu kwamba siku ile kwa wakili, mke alikuwa yule. Ninyi mliopitia ndoa na mnaojua sheria, nisaidieni mawazo. Mngekuwa mimi, Jumapili mngewajibu nini?